Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Utafiti wa utamaduni wetu upewe makao

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Utafiti), Marasi wa Ndaki na Amidi wa Shule Kuu zote

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUKOSEKANA KWA MAKAO YA UTAFITI MTAMBUKA WA UTAMADUNI CHUONI KWETU

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mhadhiri katika Chuo unachokiongoza. Naandika kwa heshima ya cheo chako na ya usomi wako, na naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tulianza kwa wakuu wa idara, tukaenda Kurugenzi ya Utafiti. Barua zikapokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala masjala. Hoja ilipofika hatimaye kwenye ajenda ya Seneti iliondolewa, kwa maelezo kwamba ijadiliwe kwanza na idara husika. Hapo ndipo penye kilio chetu, Profesa. Idara husika haipo. Wanaotafiti ngoma, kanga, mazishi, tiba za jadi, majahazi, muziki wa vijana au nyimbo za jando na unyago wametawanyika Chuo kizima, kila mmoja chini ya mkuu wake, na utafiti wao ukishagusa taaluma ya pili unakosa mwenyewe.

Nieleze kwa mfano. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliandika pendekezo la utafiti kuhusu mafundi wa majahazi wa mwambao wa Tanga. Alitaka kujua ujuzi ule unarithishwaje. Fundi wa jahazi hana mchoro wala karatasi ya vipimo. Analaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, anasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, anapiga mbao, na anapima kwa jicho, kwa kamba na kwa shibiri. Kijana wake anajifunza kwa kuitwa: lete hiki, shika pale, kaza hapo. Anajua jina la kila kipande kabla hajaruhusiwa kukigusa. Anajua mti upi umepinda kiasili kiasi cha kufaa taruma na upi utapasuka, pamba ya kukalafatia, yaani ya kuziba nafasi kati ya mbao, inasokotwaje na kulowekwa mafuta, shahamu ya kulinda mbao inapakwa wakati gani. Ndani ya kazi hiyo mna nyimbo, mna miiko, mna dua ya siku ya kushusha chombo majini, na siku hizi mna pia sheria za misitu zinazolinda mikoko na kumfanya fundi ahangaikie kibali cha mti ambao babu yake aliukata bila kuuliza mtu.

Utafiti huo unahitaji mwanaisimu, mtu wa fasihi simulizi, mwanahistoria wa biashara ya Bahari ya Hindi, mtaalamu wa mimea na mtu anayeielewa sheria ya ardhi na misitu. Wote hao tunao, tena wengine ofisi zao zinatazamana. Idara ya Kiswahili ilisema pendekezo ni la akiolojia. Akiolojia wakasema vyombo hivyo bado vinasafiri, aende sosholojia. Sosholojia wakamwambia apunguze nyimbo na istilahi, maana hizo ni za Kiswahili. Alipokuwa anazunguka hivyo, jahazi lililokuwa linaundwa pale ufukweni, lile alilokusudia kulifuata tangu mkuku hadi kushushwa, likakamilika na kuondoka. Majahazi makubwa hayaundwi tena kila mwaka. Fursa ile imekwenda na hakuna idara iliyoandikiwa hasara hiyo.

Tunachoomba si mtindo mpya ulioletwa kutoka nje. Mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilituma wanafunzi wake kusini wakati wa likizo kwenda kuwasikiliza wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vijana wale hawakuuliza habari za mapigano peke yake. Waliuliza habari za dawa ya maji, za Kinjikitile wa Ngarambe, za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, za mizimu na waganga. Asiyejua dini, tiba na lugha za watu wa kusini hawezi kuiandika historia ya vita ile, na walimu wa wakati ule walilijua hilo. Mwaka huohuo wa 1968, kule Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, ili masomo ya fasihi yaanzie Afrika na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walikwenda kijiji cha Malya, Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakatumia ngoma na maigizo yao kujadili tatizo la mimba za wasichana wa shule. Je, kazi ile ilikuwa sanaa, elimu, afya au sosholojia? Wanakijiji hawakuhitaji jibu la swali hilo ili kazi iwafae.

Sasa niyaorodheshe malalamiko yetu.

1. Usimamizi na upitishaji wa mapendekezo. Kanuni zetu za shahada za juu zinataka pendekezo lipitie idara moja, ndaki moja, kisha Kamati ya Shahada za Juu. Msimamizi wa pili kutoka ndaki nyingine anaruhusiwa kwa maneno, lakini fomu haina nafasi ya kumwandika, wala saa anazotumia kumsimamia mwanafunzi hazihesabiwi kwenye mzigo wake wa kazi. Kwa hiyo anayekubali kusaidia anasaidia kwa hisani, na hisani ina mwisho wake. Mtahini wa nje akiteuliwa, huteuliwa kwa taaluma moja; anarudisha tasnifu na swali ambalo kila mwanafunzi wetu analijua: "Mchango wa kazi hii katika taaluma yangu uko wapi?" Wapo waliokata nusu ya utafiti wao ili wapite. Walichokikata mara nyingi ndicho kilichowapeleka uwandani.

2. Kanda na maandishi ya uwandani. Hili, Profesa, naomba ulisome taratibu. Chuo kina chumba chenye maboksi ya kaseti na kanda za rili zilizoletwa na wanafunzi na walimu kwa miongo kadhaa. Juu ya kila kaseti kuna maandishi ya kalamu ya wino: jina la kijiji, jina la ngoma, jina la mzee, mwaka. Mengine yamefifia hata hayasomeki. Utando mweupe wa ukungu umekwisha kuingia kwenye utepe, na masika yakifika paa linavuja upande wa dirisha, maboksi yanasogezwa na mhudumu kwa huruma yake, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza. Mashine ya kuchezea kanda za rili haifanyi kazi. Chumba kinahesabiwa kuwa cha idara moja, kanda ni za idara nyingi, na maktaba inasema haijakabidhiwa.

Alikuja kijana mmoja kutoka kijijini, mjukuu wa mwimbaji aliyerekodiwa zamani na mwanafunzi wa Chuo hiki. Familia ilikumbuka kwamba "watu wa chuo" walikuja na redio ya kunasa sauti. Aliomba kitu kimoja tu, amsikie babu yake. Kaseti tuliiona, jina lipo, mwaka upo. Hatukuweza kumpa nakala, kwa sababu hakuna ofisi yenye mamlaka ya kuruhusu, na wala hatukuthubutu kuipachika kwenye redio ya kawaida, maana utepe ungekatika. Alirudi kwao na picha ya ganda la kaseti kwenye simu yake.

Mwaka 1906, Maji Maji bado inawaka, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Lindi, Masasi na Newala akinasa nyimbo za watu kwa fonografu, akazichukua kwenda nazo Ujerumani. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na mkusanyiko wake unatunzwa leo katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Maktaba hiyo imekwisha kurudisha nakala za baadhi ya rekodi zake kwa jamii zilizorekodiwa nchini Kenya. Tunawadai wageni waturudishie sauti za mababu zetu, na tunayo haki ya kudai. Tutadai kwa uso gani, ikiwa sauti zilizonaswa na vijana wetu wenyewe, kwa fedha za umma, zinaota ukungu umbali wa dakika chache kutoka jengo la utawala?

3. Upandishaji vyeo. Makala iliyoandikwa na watu wanne wa taaluma nne inagawanywa pointi mpaka kila mmoja anabaki na kipande kisichomsogeza popote. Mwenzake aliyeandika peke yake makala fupi ya taaluma moja anapanda. Kijana anayeanza uhadhiri anajifunza haraka kwamba ushirikiano unamchelewesha. Wapo wenzangu wazuri sana walioacha utafiti wa aina hii kwa sababu wana watoto wa kusomesha, nami siwalaumu hata kidogo. Vilevile filamu ya utafiti, maonyesho ya makumbusho au mkusanyiko wa nyimbo uliohaririwa na kufafanuliwa vizuri haupati pointi yoyote, hata ukiwa umechukua miaka.

4. Lugha. Nje ya idara ya Kiswahili, tasnifu lazima iwe kwa Kiingereza. Mahojiano yamefanyika kwa Kiswahili, Kizigua au Kimakonde. Mzee aliyeyatoa hataweza kusoma alichoandikiwa, wala afisa utamaduni wa wilaya yake hataitumia. Tunaomba hiari, si sharti: anayetaka kuandika kwa Kiswahili katika idara yoyote aruhusiwe, ilimradi wasimamizi na watahini wapo.

5. Haki za wanaotupa maarifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unazitaka nchi zishirikishe jamii zenyewe katika kazi hiyo. Fomu ya ridhaa tunayotumia Chuoni, hata hivyo, imechukuliwa kutoka utafiti wa tiba. Inamuuliza mwimbaji wa unyago kama anaelewa kwamba atatolewa sampuli. Haimuulizi ni nyimbo zipi hazipaswi kusikiwa na wanaume, nani apewe nakala, nani aombwe ruhusa yeye akishafariki. Mtafiti mwangalifu anaandika fomu yake mwenyewe. Asiye mwangalifu anachukua sahihi na kuondoka. Haifai jambo zito hivi liachwe kwenye dhamiri ya mtu mmoja mmoja.

Najua majibu ambayo tumekwisha kupewa, na nayajibu hapa ili tusirudi nyuma.

Tunaambiwa fedha hakuna. Sehemu kubwa ya tunayoyaomba ni kubadilisha fomu na kanuni, na kazi hiyo ni ya kikao. Kinachohitaji fedha ni chumba kikavu chenye kiyoyozi, mashine mbili za kuchezea kanda, kompyuta zenye uwezo wa kuhifadhi, na fundi mmoja wa sauti. Wafadhili wa kazi ya namna hiyo wapo, lakini kila fomu ya ufadhili inauliza ni kitengo gani cha Chuo kitakachokabidhiwa mali. Hatuna cha kuandika.

Tunaambiwa Tume ya Vyuo Vikuu haitambui programu isiyo na idara. Hatujaomba programu mpya ya shahada. Tunaomba kituo cha utafiti, na vituo vya aina hiyo vipo katika vyuo vingi nchini kwa ajili ya mazingira, jinsia na tabianchi. Kwa nini utamaduni pekee ushindikane?

Jibu linaloumiza zaidi ni lile linalosemwa vikaoni kwa sauti ya chini, kwamba anayechanganya taaluma hana taaluma. Wenzetu wengine hutoa mfano wa Birmingham, Uingereza: kituo cha masomo ya utamaduni kilichoanzishwa na Richard Hoggart mwaka 1964 na baadaye kuongozwa na Stuart Hall, ambacho chuo chake kilikuja kuifunga idara iliyotokana nacho mwaka 2002. Ni kweli ilifungwa, baada ya kupata alama ya chini katika tathmini ya utafiti ya taifa. Lakini mawazo yaliyotoka pale kuhusu vijana, magazeti, rangi na tabaka yanafundishwa duniani kote, hata katika madarasa ya hapa Chuoni. Naliona funzo la kinyume katika habari hiyo: kipimo kibovu kinaweza kuua kazi nzuri, na ndiyo maana tunaomba kipimo kirekebishwe.

Kuhusu dai hilo kwamba kazi ya kuchanganya taaluma haina kina, nitoe mfano wa nyumbani. Ngoma ya beni ilizaliwa mwambao, ikachezwa Lamu, Mombasa na Tanga, ikabebwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mpaka ndani kabisa ya bara. Anayesikiliza muziki tu atasema watu waliiga bendi za wanajeshi wa Kizungu. Akiketi na msomaji wa mashairi yake atasikia Marini na Arinoti, makundi mawili ya beni yaliyoshindana, wakitoleana mafumbo na kutukuza mitaa yao. Mwanahistoria wa kazi ataona jinsi vyeo vya kwenye ngoma na michango ya maziko na maradhi vilivyowaunganisha wageni wa mijini waliokuwa hawana ndugu. Kila mmoja wa watu hao akibaki chumbani kwake anashika ukweli mdogo. Wakikaa pamoja, kazi inakuwa ngumu zaidi, maana kila dai linakabiliwa na mtu anayeweza kulipinga kwa ujuzi. Kina ndicho hicho.

Lipo pia swali la ajira. Halmashauri zina maafisa utamaduni, makumbusho yanahitaji watu, utalii unawahitaji wanaojua wanachokieleza, redio na runinga zinahitaji watayarishaji, mahakama na mabaraza ya ardhi yanasikiliza kila siku mashauri ya mirathi na mila. Nafasi nyingi kati ya hizo zinashikwa na watu waliojifunzia kazini, kwa sababu sisi hatukuwaandaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Profesa, tunaomba yafuatayo, na tunaomba yaamuliwe kabla dirisha la maombi ya shahada za juu la mwaka ujao wa masomo halijafunguliwa.

Kwanza kabisa, kabla ya kikao chochote, kanda zihamishwe. Maktaba ikabidhiwe rasmi, kwa barua yenye sahihi yako, na maboksi yatolewe chini ya lile paa kabla ya mvua za masika. Hilo linawezekana wiki hii. Watu wa kubeba tupo.

Pili, Seneti iunde kituo cha utafiti wa utamaduni chenye mkurugenzi, bodi ya wajumbe kutoka ndaki mbalimbali, na mamlaka ya kupokea mapendekezo ya uzamili na uzamivu yanayovuka idara. Fomu iwe na nafasi ya wasimamizi wawili wenye hadhi sawa, na saa zao zihesabiwe.

Tatu, Kamati ya Uteuzi na Upandishaji Vyeo ipitie upya mgawanyo wa pointi za kazi za pamoja, na itambue mikusanyiko ya uwandani, filamu na maonyesho baada ya kupitiwa na wataalamu. Tasnifu kwa Kiswahili iruhusiwe kama nilivyoeleza katika hoja ya nne.

Nne, iandikwe fomu ya ridhaa inayofaa utafiti wa utamaduni, na wazee, manju na makungwi waitwe kuisikiliza ikisomwa kwa sauti kabla haijapitishwa. Pamoja nayo uwekwe utaratibu wa kuwarudishia wahusika na familia zao nakala za walichotoa, bila malipo. Yule kijana awe wa kwanza kupewa.

Rasimu ya muundo wa kituo, rasimu ya kanuni na orodha ya kanda tulizofanikiwa kuzisoma vichwa vyake zimekwisha kuandikwa na wahadhiri wa idara mbalimbali, nje ya saa za kazi. Tutazileta ofisini kwako siku na saa utakayotupangia. Tunaomba jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa, likiwa na sababu zake na jina la ofisi inayokataa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri, kwa niaba ya watafiti wa utamaduni wa Chuo hiki